Semina ya siku moja haimwandai mwalimu

Mwalimu, chuo chetu cha ualimu kinaanzisha somo la tamaduni mbalimbali. Tuwape wanachuo orodha ya mila za kila jamii?

Msiwape. Atakayeikariri atamtazama mtoto aone kabila tu, na jirani wawili wa kabila moja huishi tofauti kabisa. Mfundisheni mwanachuo kuuliza. Mwaka 1992 mtafiti wa elimu Luis Moll na wenzake walieleza jinsi walimu wa Arizona, Marekani, walivyozitembelea familia za wanafunzi wao wenye asili ya Meksiko. Walikwenda kujifunza, si kushtaki watoro. Walikuta ujuzi wa kilimo, ujenzi na biashara, wakaurudisha darasani. Mwalimu mmoja aligundua kuwa mwanafunzi wake anauza peremende za Meksiko, akatunga mada nzima juu ya peremende. Zoezi kama hilo liwe na alama katika mazoezi ya kufundisha, la sivyo hakuna atakayelifanya.

Semina ya siku moja inatosha?

Haitoshi. Kuuliza na kuzitembelea familia hujifunzwa kwa kufanya, tena na tena. 

Nina mwanafunzi mgeni. Uwanjani anaongea lugha yetu vizuri, kwenye mtihani anaanguka. Ni uvivu?

Si lazima. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alionyesha kwamba lugha ya mazungumzo huweza kupatikana kwa takriban miaka 2, ila lugha ya vitabuni huchukua miaka 5 hadi 7. Wakufunzi wasiofundisha tofauti hii wanatuletea walimu wanaomkaririsha darasa mtoto mwenye akili timamu. Na kama shuleni kwenu mnawaadhibu watoto kwa kusema lugha ya nyumbani, acheni. Hujauliza, lakini nakuambia.

Mtoto hanitazami machoni ninapomkanya. Kiburi?

Katika jamii nyingi hiyo ni heshima. Muulize mzazi kabla hujamwadhibu.

Mimi sibagui, kwangu wote ni sawa. Mafunzo haya ya nini?

Wewe ndiye wa kwanza kuyahitaji. Mwombe mwenzako akae nyuma ya darasa na karatasi, aandike nani unamuuliza "kwa nini?" na nani unamtuma kufuta ubao, nani akikosea unamsubiri, na nani unamruka. Mwalimu tarajali afanyiwe hivyo angali chuoni, akiwa bado anakosolewa bila kununa. Ukishaipata karatasi yako, niandikie tena.