Wifi anataka milo mitano na Mickey, mume ameshasema sawa

*Anti, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Shangani, Mtwara. Desemba tunakwenda Marekani kwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Ni muuguzi huko Florida, na hajaonana na kaka yake kwa miaka mingi. Viza tumepata, nauli tumelipa, tutalala kwake, na tiketi za kuingia Disney, zile bustani za michezo, siku nne amezinunua yeye, zawadi kwa watoto. Chakula cha huko ndani tumekubaliana ni juu yetu. Sasa ametuma WhatsApp orodha ya milo mitano ya kula mezani na wahusika wa katuni: Chef Mickey's, Cinderella's Royal Table, Tusker House, Garden Grill na Hollywood & Vine. Anasema nafasi zinagombewa, tumjibu kabla ya Ijumaa. Mume wangu akamjibu "sawa dada, weka zote" bila kuniuliza. Nikimuuliza hela itatoka wapi, anasema korosho zitalipa. Anti, minada hata haijaanza, na Januari kuna ada. Mkubwa ana miaka 11, anasema Mickey ni wa watoto. Wa kike ana miaka 7, usiku na mchana ni mabinti wa kifalme. Mdogo ana miaka miwili na miezi saba, akiona midimu, wale wachezaji ngoma wa vinyago, analia mpaka anatapika. Nikikataa, wifi atasema nimemkalia kaka yake. Nikikubali, tutarudi na madeni. Tuweke mingapi? Mama Watatu, Mtwara.*

Marahaba, mdogo wangu. Jibu langu ni milo miwili. Yote iwe ya asubuhi, na yote iwe ndani ya bustani mnazoingia kwa tiketi za wifi yako. Nimelitanguliza jibu kwa sababu Ijumaa haiko mbali, na ukikaa na baba watoto ni vizuri uwe unajua unachotaka, siyo usichotaka tu.

Kwanza hesabu, maana sidhani kama mumeo ameifanya. Mezani mtakuwa sita pamoja na wifi. Disney wanamhesabu mtoto wa miaka 10 na kuendelea kuwa mtu mzima, kwenye tiketi na kwenye chakula, kwa hiyo mkubwa wako mtamlipia sawa na baba yake. Binti analipa bei ya mtoto. Mdogo hajafika miaka mitatu, atakula bure. Bei hutofautiana kwa mgahawa na kwa msimu, lakini tuchukue mfano wa dola 60 kwa mkubwa na 40 kwa mtoto. Wakubwa wanne ni 240, na binti 40, inakuwa 280. Hapo hujaweka kodi ya mauzo ya eneo lile, asilimia 6.5, wala tipu, ambayo kwa meza ya watu sita huingizwa moja kwa moja kwenye bili, asilimia 18. Mnakaribia dola 350. Tukisema dola ni shilingi 2,500, ni kama laki nane na elfu sabini kwa kukaa mezani mara moja. Mara tano inapita milioni nne na laki tatu.

Baba watoto anasema korosho zitalipa, basi mpigie hesabu kwa korosho. Kilo ikienda kwa shilingi 3,000 mnadani, mlo mmoja ni kilo 290, yaani magunia matatu na nusu ya kilo 80, na hapo makato ya chama cha msingi hayajaguswa. Milo mitano ni magunia kumi na nane. Mwulize kwa upole kama yuko tayari kuyatoa ghalani magunia hayo kwa kazi hiyo, na ada ya Januari itatoka wapi.

Sasa iangalieni orodha yenyewe. Chef Mickey's ana Mickey. Tusker House ana Mickey. Garden Grill ana Mickey. Hollywood & Vine, chakula cha jioni, mwenyeji ni Minnie na Mickey yupo. Yaani mara nne mtalipa kumwona mtu yule yule, amebadilisha nguo tu. Halafu Chef Mickey's haiko ndani ya bustani yoyote, iko kwenye hoteli ya Contemporary, na kwa mnaotoka nyumbani kwa wifi ni safari nyingine ya kwenda na kurudi. Huo uondoeni bila kusita.

Simaanishi kwamba milo hii haina maana. Ina maana sana kwa mtoto wa miaka 7. Bustanini, kumwona mhusika ni kupanga foleni, kupiga picha, na kumpisha anayefuata. Mezani wao ndio wanaowafuata ninyi. Wanapita meza kwa meza, kila mmoja anasimama dakika chache, anasaini daftari la mtoto, anapiga picha, anaendelea. Mkikaa saa moja na nusu mtakuwa mmewaona wote, na miguu imepumzika. Mabinti wa kifalme ni watu wasiovaa vinyago, na wanaongea. Watamwuliza jina lake, ametoka wapi, anapenda nini, na watamwuliza kwa Kiingereza. Anza naye sasa hivi. Ajue kujibu hayo matatu, na awe na swali lake moja la kuuliza. Ukimpa miezi hii miwili ya mazoezi atakaa pale anajiamini, hatajificha nyuma ya kanga yako wakati ambao ameusubiri kwa hamu hivyo.

Kwa hiyo mlo wa kwanza ni wa binti. Wifi ameweka Cinderella's Royal Table, ambayo iko ndani ya kasri lenyewe la bustani ya Magic Kingdom, na kasri hilo ndilo linalofanya bei ipande. Mimi ningemwomba abadilishe, aweke mgahawa wa Akershus, upande wa Norwei kwenye bustani ya EPCOT. Huko nako ni mabinti wa kifalme, tena kadhaa kwa mkupuo, na gharama iko chini. Ila kabla hamjabadilisha, mwulize binti. Kama ndoto yake ni Cinderella na kasri, na siyo mabinti wa kifalme kwa ujumla, basi mpeni kasri na mjibane kwingine. Mlo huu ni wake, nisingependa abaniwe yeye huku milo minne ya Mickey imepita.

Mlo wa pili ni Tusker House, kwenye bustani ya Animal Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1998. Huu ni wa familia nzima. Mgahawa uko Harambe, mji wa kubuni uliojengwa kwa sura ya miji ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, na maandishi ya Kiswahili ukutani. Kuna Donald, Daisy, Mickey na Goofy waliovaa nguo za safari, na chakula kimechanganya ladha za Kiafrika na za Kimarekani. Nadhani baba watoto, aliyezoea kuta za mji wa kale wa Mikindani, atakuwa na mengi ya kusema akifika pale, na itakuwa zamu yake kumtembeza dada yake. Papo hapo karibu kuna gari la kuzunguka kuangalia wanyama, twiga na tembo wa kweli, na mkubwa wako atapata chake.

Kwa nini nasisitiza asubuhi? Ni kwa ajili ya saa. Desemba Florida iko nyuma yetu kwa saa nane. Saa moja jioni ya kule, miili ya watoto wako itakuwa inasoma saa tisa usiku. Mtakuwa mmelipa mamilioni, na watoto wamelala na vichwa mezani kabla Minnie hajafika. Lakini saa tisa au kumi usiku ya kule watakuwa macho wanataka chai, maana Mtwara kumekucha zamani. Itumieni hali hiyo. Wapeni mkate na maziwa nyumbani kwa wifi, mfike bustanini mlango unapofunguliwa wakati foleni bado fupi, wacheze, halafu mezani muingie saa nne au saa nne na nusu, mwishoni mwa muda wa kifungua kinywa. Mkitoka hapo hamhitaji chakula cha mchana. Msiweke chochote siku ya kwanza baada ya kushuka kwenye ndege. Na kwenye bufee za asubuhi kule, beikoni na soseji za nguruwe ni kitu cha kawaida. Kama hamli, wifi aandike wakati anaweka nafasi, na mkishakaa mwambieni mhudumu tena.

Mdogo wako ndiye ninayemfikiria zaidi. Mickey, Donald na Goofy wana vichwa vikubwa visivyofumba macho, na hawatoi neno. Kwa mtoto anayelia akiona midimu, hao ni midimu wanaosogea mpaka kwenye sahani yake. Keti naye upande wa ukutani, baba yake akae upande wa njia. Mhusika akija, wakubwa wamsalimie kwanza, mpeane mikono, mcheke naye, na mdogo aangalie kutoka kwenye bega lako. Akitaka kupunga mkono apunge. Akilia, mwashirie mhusika kwa mkono abaki mbali. Wamezoea, watarudi nyuma. Tafadhali usikubali mtu yeyote, hata wifi kwa mapenzi yake, ambebe na kumsogeza kwa ajili ya picha. Hii ni sababu nyingine ya kukataa mitano. Kwa binti ni raha mara tano, lakini kwa mdogo inaweza kuwa hofu mara tano.

Tuje kwenye jambo lililokufanya uandike, maana naona chakula ni sehemu ndogo tu. Wewe usimwandikie wifi. Neno la hela likitoka kwako, hata ulilainishe vipi, litasikika kwamba mke ndiye anayemfungia kaka mkono. Litoke kwa mumeo. Ni dada yake, walikula sahani moja, na ndiye aliyesema sawa. Kaa naye usiku watoto wakilala, mpe hesabu ya magunia kwenye karatasi, usimlaumu kwa kujibu bila kukuuliza. Alitaka dada yake amwone kaka aliyejiweza, na mtu aliyepokea tiketi za watoto wote ana haki ya kuona haya. Mtu hujikuna ajipatapo, na dada aliyekulia Mtwara analijua hilo vizuri kuliko mnavyodhani.

Mfikirie na wifi pia. Mtu hajawaona wadogo zake miaka yote hiyo, anahesabu siku. Mimi naiona orodha yake kama hamu ya kukaa meza moja na watoto wa kaka yake mara tano, kwa sababu anajua bustanini kila mtu atakuwa anakimbia. Basi mpeni meza hizo kwa njia nyingine. Mumeo amwambie hivi: "Dada, milo miwili tutakula na hao wahusika, na jioni zilizobaki mke wangu atapika kwako. Tumemiss kula na wewe." Wewe ukaingie jikoni kwake, umpikie mbaazi za nazi na samaki, watoto wakae sakafuni na shangazi yao. Bebeni korosho za kukaanga, mzitaje forodhani mkifika. Ming'oko mbichi, ile mizizi yetu ya kuchemsha, muiache, haitapita.

Mchana wa siku zisizo na mlo wa mezani, jueni kwamba Disney wanaruhusu kuingia na chakula chenu, mradi hakuna vyombo vya kioo wala pombe. Chapati na mayai ya kuchemsha kwenye begi vitawafikisha jioni. Na binti akitaka kumwona Mickey tena, Magic Kingdom ana mahali pake, Town Square Theater, na mabinti wa kifalme wako Princess Fairytale Hall. Huko ni foleni tu, hakuna bili.

Mkubwa msimlazimishe kufurahi mezani. Mwambieni mapema kwamba asubuhi mbili ni za mdogo wake, na baada ya hapo yeye ndiye anayechagua wapande nini kwanza. Akijua zamu yake inakuja, atakula kwa amani.

Kuhusu Ijumaa: nafasi hufunguliwa siku 60 kabla. Kama siku yenu ya kwanza bustanini ni tarehe 9 Desemba, zinafunguka tarehe 10 Oktoba, hivyo wifi ana haki ya kuharakisha, naye apewe jibu la uhakika. Akisema "niweke tu zote, tutafuta baadaye," mumeo asikubali. Kwa migahawa hiyo, nafasi isiyofutwa kwa wakati hukatwa dola 10 kwa kila mtu, na katikati ya safari hakuna atakayekumbuka. Apige leo saa tatu usiku, kwa dada yake itakuwa saa nane mchana, maana kabla ya Novemba tofauti yetu ni saa saba, siyo nane.