"Ondoka ndiani!": maswali yenu kuhusu mafunzo ya kiangazi kwenye hifadhi za sauti na mila

Kila mwaka Novemba ikiingia, maswali haya huanza kumiminika. Ndio msimu ambao hifadhi za Marekani zinazotunza nyimbo, hadithi na ufundi wa watu wa kawaida hutangaza nafasi za mafunzo ya vitendo kwa kiangazi kinachofuata (huko ni Juni hadi Agosti), na nyingi hufunga maombi kabla ya Machi. Kazi hii nimeifanya kwa miaka, naipenda, na ningependa kuwaona wasemaji wengi zaidi wa Kiswahili ndani yake. Leo najibu saba.

Shikamoo mama. Nasoma Kiswahili mwaka wa pili, Dodoma. Mwenzangu aliyekwenda fildi kwenye ofisi ya nyaraka anasema alipanga mafaili na kufuta vumbi miezi miwili mizima. Huko Marekani nako ni hivyo hivyo?

Marahaba mwanangu. Vumbi lipo, sikufichi. Lakini vumbi ni la wiki ya kwanza.

Hifadhi inayojulikana zaidi ya aina hii iko ndani ya Maktaba ya Bunge, Washington. Ilianza mwaka 1928 kama hifadhi ya nyimbo za jadi, mkuu wake wa kwanza akiwa Robert W. Gordon, na sasa iko chini ya American Folklife Center, kituo kilichoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1976. Katika mji huohuo Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa, nayo ina kituo chake cha mila na maisha ya jadi. Ndicho kinachoandaa tamasha la kila kiangazi lililoanza mwaka 1967, na mwaka 2014 Kenya ilikuwa mmoja wa wageni wake rasmi. Humo zimo pia sahani za santuri na kanda za kampuni ya muziki ya Folkways, aliyoianzisha Moses Asch mwaka 1948. Smithsonian iliichukua mwaka 1987 kwa sharti kwamba albamu zake zote, zaidi ya 2,000, ziendelee kupatikana hata kama moja inanunuliwa na mtu mmoja kwa mwaka.

Sasa siku yako inakwendaje? Unafungua boksi na kabla hujagusa kitu unanusa. Kanda za zamani za asetati, aina ya plastiki, zikianza kuoza hutoa harufu ya siki, na ukiisikia unamwita msimamizi, kwa sababu kanda hiyo inatengwa na wenzake na kupelekwa mbele ya foleni. Zilizo salama zinachezwa kwenye mashine na kuingizwa kwenye kompyuta. Faili huwa kubwa: saa moja ya stereo, kwa kiwango cha kilohezi 96 na biti 24, inakula takriban gigabaiti 2. Kisha inakuja kazi yenyewe, ambayo ni kusikiliza na kuandika nani anasema, wapi, lini, kwa lugha gani, na juu ya nini. Mazungumzo ya saa moja, nikiyaandika neno kwa neno, hunichukua siku nzima ya kazi.

Kiangazi changu cha kwanza nilipewa boksi lenye lebo iliyosema: Unguja, wanawake, nyimbo tatu. Basi. Nikavaa hedifoni. Likaanza jogoo, mtu akakohoa, akaanza kuimba mwanamke mtu mzima, sauti nzito kidogo. Katikati ya wimbo wa pili akanyamaza ghafla na kumkemea mtoto: "Ondoka ndiani!" Nikarudisha nyuma mara tatu. Ndiani. Mtu wa Unguja angesema njiani. Ndia na ndaa ni za Mombasa kupanda hadi Lamu. Lingekuwa neno la ndani ya wimbo ningesita, maana washairi wa kila mahali huazima maneno ya kaskazini. Lakini hakuna anayemkemea mtoto kwa Kiswahili cha kuazima. Lebo ile ilikuwa imekosea kwa zaidi ya miaka arobaini, na wote walioishika kanda ile walikuwa watu wazuri wenye elimu kubwa. Kiswahili tu hawakuwa nacho.

Nikaongeza sentensi mbili kwenye rekodi. Jina la yule mama hatunalo hadi leo, na hilo linaniuma kuliko lebo.

Habari dada. Mimi ni Mkenya, nasoma uzamili Ohio kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Naweza kuomba nafasi yenye malipo?

Unaweza, kwa ruhusa inayoitwa CPT, ya kufanya kazi kama sehemu ya masomo. Kwa kawaida inatakiwa uwe umeshasoma mwaka mmoja wa masomo kwa muda wote, kazi iwe sehemu ya mtaala wako, na ruhusa iandikwe kwenye I-20 yako, ile hati ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni, kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Nasisitiza kabla. Nimeona kijana mwerevu akianza Jumatatu kwa sababu "karatasi inakuja Jumatano", na matatizo yake yalidumu kuliko mafunzo yenyewe. Usijidanganye pia kwamba nafasi isiyo na malipo haihitaji ruhusa. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni ukaulize kwanza. Kama unahofia kupoteza OPT yako baadaye, yaani ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, inapotea ukishafanya CPT ya muda wote kwa miezi 12, na kiangazi kimoja hakifiki huko.

Kwenye tangazo, anza na kipengele cha uraia, kwa sababu baadhi ya nafasi za serikali kuu ni za raia tu. Usiitazame Washington peke yake. Jimbo la jirani yako, Indiana, lina hifadhi ya muziki wa jadi pale chuo kikuu cha Bloomington tangu mwaka 1948, na chuo hichohicho kinafundisha Kiswahili. Hapo huhitaji kumweleza mtu Kiswahili ni nini.

Shikamoo. Nilihitimu mwaka juzi, niko Mwanza. Kuna njia ya kutoka huku moja kwa moja?

Marahaba. Viza ya J-1 ya mafunzo ni ya aliye chuoni nje ya Marekani au aliyehitimu ndani ya miezi 12 iliyopita, kwa hiyo mlango huo umeshafungwa kwako. Upo mwingine, wa J-1 ya mwenye shahada na angalau mwaka mmoja wa kazi ya fani hiyo nje ya Marekani. Maana yake, mwaka huo uutafute nyumbani kwanza, na sikwambii hivyo kama pole. Nyaraka za Kijerumani zilizo kwenye Nyaraka za Taifa Dar es Salaam ziliingizwa mwaka 1997 kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, na hati za Kiarabu zilizo kwenye Nyaraka za Taifa Zanzibar zikafuata mwaka 2003. Wewe uko karibu zaidi na Bujora, pale Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yenye ngoma za watemi. Panda daladala uende ukaulize wanahitaji nini. Nenda na daftari.

Na anayekutaka utume pesa kwa simu ili "akushikie nafasi" Marekani ni tapeli. Mkatie simu.

Mdogo wangu, mimi ni baba wa Temeke. Binti yangu amepata nafasi ya miezi mitatu Washington, bila malipo. Niuze kiwanja?

Usiuze, kaka.

Najua binti atanichukia wiki hii. Lakini chumba, chakula na nauli za Washington kwa miezi mitatu vitakula kiwanja chote, na cheti atakachorudi nacho hakitakirudisha. Zipo nafasi zenye posho, tena siku hizi ni nyingi kuliko zamani. Aombe hizo mwakani. Mwaka huu awaandikie watu hao hao, kwa adabu na bila aibu, aulize kama anaweza kuwaandikia maelezo ya kanda za Kiswahili akiwa nyumbani kwa saa chache kwa wiki, na kwa malipo. Mimi naamini kabisa kwamba kazi ya bure kwa miezi mitatu inawachuja vijana kwa mfuko wa baba. Wanaobaki ndio wanaoandika lebo, na ndipo tunapopata boksi la "wanawake, nyimbo tatu".

Shikamoo mama. Bibi yangu ni kungwi, Mtwara. Niko fildi, na msimamizi wangu anataka nirekodi nyimbo za unyago kwa ajili ya hifadhi. Bibi hataki. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Bibi amesema hataki, kwa hiyo hurekodi. Hilo halina mjadala, na msimamizi mwambie hivyo kwa heshima. Kama anahitaji kulisikia kutoka kwa mtu mwingine, msomee haya.

Machi 1890, katika mji wa Calais, jimbo la Maine, mtafiti Jesse Walter Fewkes alirekodi nyimbo na hadithi za watu wa taifa la Passamaquoddy kwa fonografu, mashine ya zamani ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Hizo ndizo rekodi za kwanza zinazojulikana za utafiti wa nyanjani. Mitungi ile ilikaa mbali na wenyewe kwa vizazi. Mwaka 1979 American Folklife Center ilianza mradi wa kuwarudishia nakala Wenyeji wa Marekani, na miaka ya karibuni sauti zilisafishwa upya. Wazee wa Passamaquoddy wakakaa kuzisikiliza, wakayaandika maneno kwa lugha yao, wakaamua zipi ziwe wazi kwa kila mtu na kwa masharti gani. Maelezo yao sasa yako kwenye rekodi za Maktaba ya Bunge. Kwa hiyo hata hifadhi kongwe imekubali kwamba mwenye wimbo ana neno la kusema. Ni ajabu kumnyima bibi yako haki hiyo akiwa bado hai na mkeka wake uko pale pale.

Na hili lilishafika kwenu. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala na fonografu kama hiyo, akarekodi nyimbo za Wamakonde, Wayao na Wamakua. Mitungi yake iko Berlin. Wajukuu wa walioimba wangefurahi kujua majina.

Basi muulize bibi kile anachoweza kutoa. Wengi huwa radhi kusimulia maisha yao: alizaliwa wapi, nani alimfundisha ukungwi, alianza akiwa na umri gani, mvua ya mwaka ule ilikuwaje, nani alikuwa akipiga ngoma. Wimbo wenyewe anabaki nao. Kabla ya swali la kwanza, mwombe aseme kwa sauti yake, kinasa kikiwa kimewashwa, jina lake analotaka litumike, na nani aruhusiwe kusikiliza: wote, wanawake tu, ukoo tu, au hakuna hadi afe. Fomu ya chuo ijazwe pia, lakini karatasi hupotea, na sauti ya bibi itakaa palepale ilipo kanda. Akisema katikati, "Hapa zima," unazima. Usikiweke kinasa mezani huku taa yake nyekundu inawaka. Ataiona.

Barua ya maombi niandike nini? (Mwanafunzi, Kampala)

Usianze na mapenzi yako kwa utamaduni, wote wanayo. Taja lugha zako zote, hata ile unayoielewa bila kuisema vizuri, na eleza umeipata wapi: "Kiluganda cha nyumbani, Kiswahili cha shule na sokoni, Lusoga cha mama mzaa mama." Kisha kitu kimoja ulichokifanya kwa mikono yako. Msichana mmoja aliandika kwamba alikuwa mtunza daftari wa kikundi cha kufa na kuzikana cha mama yake, majina na michango ya miaka mitatu bila kosa. Tulimchukua. Mtu anayeweza kutunza majina ya watu bila kuyachanganya ndiye tunayemtafuta.

Hatuna mpango wa Marekani sisi. Ila marehemu baba alituachia kaseti kama sitini za taarabu za harusi, Pemba. Tufanye nini, dada yangu?

Poleni na msiba. Kwanza kila kaseti igeuzeni muutazame ukingo wa juu: kuna vijipande viwili vidogo vya plastiki. Vivunjeni, ili mtoto asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ziwekeni zikiwa zimesimama, mbali na jua, mbali na spika. Utepe uliolegea uzungusheni taratibu kwa kalamu ya risasi kabla ya kuiingiza kaseti kwenye redio, na msicheze kaseti nzuri kwenye redio mbovu. Jaribuni kwanza kwa kaseti isiyo na thamani.

Halafu alikeni watu wawili watatu waliokuwepo kwenye harusi hizo, pikeni chai, wekeni kaseti moja kwa kikao, na simu nyingine irekodi wanavyokumbuka. Andikeni: harusi ya nani, mtaa gani, mwaka gani, nani anaimba. Wakishakutajia mwimbaji, waulizeni na jina la mpiga dumbaki.