"Uvimbe wa mfupa" au "kuvimba kwa utando wa mfupa"?

Swali: Jambo sana, Mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Kadutu, Bukavu. Kijana mmoja anayepandisha vilima vyetu mbio kila asubuhi alikuja akilalamika maumivu ya muundi. Daktari akaandika kwa Kifaransa "périostite", ya kukimbia mno. Nikamwambia mama yake: "Ni uvimbe wa mufupa." Mama akaangua kilio, akidhani ni kansa. Nilikosea wapi?

Jibu: Jambo sana, dada yangu. Kosa limo katika umbo la neno. Kitenzi pinda hutupa upinde, kitu cha kushika mkononi. Vivyo hivyo vimba hutupa uvimbe: nundu, kitu kilichoota, na hata kansa watu huiita hivyo. Mama alisikia kitu kimeota mfupani. Daktari alitaja hali, nasi hali hiyo tunaitaja kwa ku-: kuvimba kwa utando wa mfupa. Upatanisho nao ufuate: kuvimba kumepungua.

Neno utando usiliache. Ukikwangua kwa kisu mfupa mbichi wa mbuzi, kile kingozi chembamba kinachobanduka ndicho utando wenyewe. Umejaa neva, ndiyo maana ukijigonga muundi, pasipo na nyama ya kuukinga, machozi hukutoka. Mwambie mama autazame mfupa huo jikoni kwake, ataelewa mara moja.

Hata hivyo, kuvimba peke yake hakutoshi. Celsus, Mroma wa karne ya 1, alitaja dalili nne za hali hii: wekundu, kuvimba, joto na maumivu. Kiswahili kimeshika moja tu, na penye mfupa huenda hiyo isionekane kabisa. Mimi ningesema: "Utando wa mfupa umevimba na unauma."

Neno jingine la kuchunga ni maambukizi. Utando uliochoshwa na mbio hauna vijidudu: mguu upumzishwe wiki kadhaa, ukandwe kwa barafu iliyofungwa kitambaani, apewe dawa ya maumivu, kisha arudie mbio polepole. Vijidudu vikiingia, kwa mfano kutoka kidonda cha muda mrefu au kwa kaswende iliyosambaa mwilini, hapo ndipo antibiotiki zinahitajika, na usaha ukijikusanya hutolewa kwa upasuaji. Ukiyaita yote maambukizi, mama atatoka kwako aende moja kwa moja duka la dawa, anunue antibiotiki ambazo mguu wa mwanawe hauzihitaji.