Kunyanyua Land Cruiser 80: springi ni nusu ya kazi

Anayeanza hununua springi nne na shokapu nne, akadhani amemaliza. Land Cruiser 80, iliyoanza kutengenezwa 1990, ina ekseli nzima (chuma kimoja kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia) mbele na nyuma, zote juu ya springi za koili. Ukiinua bodi milimita 50, kila kinachounganisha chesisi na ekseli huvutika au hubadili pembe. Huko ndiko fundi anakotakiwa kuweka akili.

Kwanza pima. Egesha mahali tambarare, pima kwa futi kutoka katikati ya haba (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, uandike. Usipime kuanzia ardhini, upepo wa tairi utakudanganya. Springi kuukuu huwa zimelala, kwa hiyo mpya zinaweza kuinua zaidi ya ulivyotarajia. Zichague kwa uzito ambao gari linabeba kila siku: bampa la chuma, winchi, keria, tangi la ziada. Springi ya mzigo mzito kwenye gari tupu hurusha abiria na kupandisha gari kupita kiasi.

Weka stendi chini ya chesisi, si chini ya ekseli, na jeki nyingine ibebe ekseli. Fungua shokapu na stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), kisha shusha polepole huku mwenzako akitazama mpira wa breki na mpira wa kupumulia difu (boksi la gia katikati ya ekseli). Ukiona umekaza, simama hapo hapo. Mpira wa breki uliovutwa unaweza kuharibika ndani huku nje ukionekana mzima. Ukiwa mfupi, funga mrefu. Koili mpya ikiingia, hakikisha ncha yake imekaa kwenye kikalio chake.

Kosa linaloua bushi (raba za viungio) ni kukaza bolti za mikono ya ekseli, yaani vyuma vinavyoishika kwenye chesisi, na za panhadi, chuma kinachoizuia kuhama pembeni, gari likiwa bado juu. Raba ya bushi hushikwa katika mkao uliokazia. Ukiteremsha gari inabaki imesokotwa muda wote, na haikawii kuchanika. Zipitishe bolti, acha nati zilegee, shusha gari likae kwa magurudumu, litikise, ndipo ukaze.

Kisha kasta, yaani mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu la mbele hukatia kona. Kwa milimita 50 unapoteza takriban digrii mbili hadi tatu, na usukani unakuwa mwepesi, haurudi wenyewe, gari linatangatanga barabarani. Alaimenti ya kawaida haitakusaidia, kwa kuwa ekseli hii haina mahali pa kurekebishia kasta. Dawa ni bushi zenye tundu la pembeni kwenye mikono ya mbele. Zina mwelekeo: zikifungwa kinyume, kasta inapungua zaidi. Fahamu pia kwamba kuirudisha kasta huinamisha pua ya difu la mbele, hivyo propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) inaweza kuanza kutetemeka. Hiyo ndiyo sababu hatumshauri mgeni wa kazi hii kuvuka milimita 50.

Panhadi nayo huvuta ekseli upande. Pima tairi hadi chesisi kushoto na kulia. Tofauti ikiwa kubwa, tumia panhadi ya kurekebishika.

Watu husahau vali ya breki za nyuma inayopima mzigo. Fimbo yake imeshikwa kwenye ekseli. Bodi ikipanda, vali hudhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma, za mbele zikabeba kazi yote. Inua kishikio cha fimbo kwenye ekseli kwa kiasi kile kile ulichoinua gari.

Ukitaka difu lenyewe liwe juu zaidi ya mawe, springi hazitalipandisha hata kidogo. Hilo ni la tairi. Kutoka 275/70R16 kwenda 285/75R16 unapata kama milimita 21, na spidomita ikisema 80 unakwenda karibu 84.

Zungusha usukani hadi mwisho pande zote, ekseli ikiwa imening'inia, na uangalie mipira tena. Baada ya kilomita 500 kaza bolti zote, pima upya pale pale pa mwanzo kwa sababu springi mpya hulala kidogo, kisha teremsha mwanga wa taa za mbele.