Maji maangavu ya mgodi na kupungua kwa samaki

Ndugu muulizaji wa Bahi, mkoani Dodoma, umeuliza kwa nini samaki wadogo wanapungua kwenye kijito kinachopokea maji ya mgodi, ilhali maji yenyewe ni maangavu. Chumvi iliyoyeyuka haionekani kwa macho, lakini huwalazimisha viumbe wa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kutumia nguvu nyingi kudhibiti chumvi mwilini, na wadudu wachanga waishio chini ya mawe mara nyingi ndio hutangulia kufa, hivyo samaki wanaowala hukosa chakula. Hata hivyo, usiulaumu mgodi haraka, maana ardhi ya Bahi ina chumvi yake ya asili. Pima kiwango cha maji kupitisha umeme, kwani chumvi ikizidi nacho hupanda, kwenye kijito kabla na baada ya maji ya mgodi kuingia, siku ile ile, masika na kiangazi, kisha upeleke vipimo Bodi ya Maji Bonde la Kati.