Rimu za Kiwandani, Nifunge Tairi Saizi Gani?

SWALI: Habari fundi, gari yangu bado ina rimu zake za kiwandani za inchi 15 na tairi zilizokuja nazo zimeandikwa 195/65R15 91H, sasa zimeisha kabisa. Muuza tairi mmoja ananiambia nifunge 205/70R15 eti gari inyanyuke, mwingine anasema 205/60R15. Rimu sitaki kubadilisha. Nimsikilize nani?

JIBU: Salama ndugu yangu. Kabla ya wote hao, fungua mlango wa dereva uangalie ile stika kwenye nguzo ya mlango, saizi iliyoandikwa pale ndo ya kwanza kuitafuta, na kama ni hiyohiyo 195/65R15 na inapatikana basi chukua hiyo.

Ikikosekana ndo tunaanza hesabu. 195 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia, yaani ubavu wa tairi una kimo cha 65% ya huo upana, na 15 ni inchi za rimu. Kwa hiyo ubavu ni kama milimita 127, unauhesabu mara mbili, juu na chini, unajumlisha rimu ambayo ni milimita 381, tairi nzima inakuja kama 634. Hicho kimo ndo cha kulinda, kisitoke nje ya asilimia 2 au 3.

205/60R15 inakuja 627, tofauti ni kama asilimia 1 tu, hiyo sina shida nayo. Ile 205/70R15 inafika 668! Zaidi ya asilimia 5. Itaingia kwenye rimu vizuri tu na ndo maana watu wanadanganyika, ila ukikata kona au ukipakia mzigo inaweza kusugua madigadi, na dashibodi ikikuonyesha 100 kumbe unakimbia kama 105. Na huko kunyanyuka kwenyewe ni milimita 17 hivi, maana nusu ya nyongeza ndo inayokaa chini ya ekseli. Kwa faida ndogo hivyo mimi siwezi kukushauri kabisa.

Usiisahau 91H, hapa watu wengi wanapita tu bila kuangalia. 91 maana yake tairi moja inabeba kilo 615, H ni mwendo wa mpaka 210 kwa saa. Ukipewa 86 hiyo ni kilo 530, gari ikijaa watu na mizigo tairi inachemka na inaweza kupasuka, kwa hiyo namba iwe hiyo au zaidi, usishuke.

Na ukibadilisha, funga zinazofanana kwenye ekseli moja, zikiwa zote nne ni vizuri zaidi, afu soma namba nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT ubavuni mwa tairi kabla fundi hajazifunga, 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hiyo imeshazeeka, hata kama inang'aa mwambie akutafutie nyingine.