Kabla hujapandisha saizi ya tairi

Barua za safari hii karibu zote ni za matairi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana swali lake huwa halinipi nafasi ya kupumua. Zilizobaki nitakwenda nazo haraka.

*Shikamoo Mama Fundi. Gari langu linavaa 195/65R15 na matairi yote manne yamekuwa kipara. Nikipakia watu linagusa chini kwenye matuta. Fundi wangu anasema nipandishe, nifunge 205/65R15 au hata 215/65R15, gari liinuke. Rafiki yangu anasema niachane na rimu hizi, nitafute za inchi 17 nivalishe 225/45, gari litapendeza na litashika barabara. Nimsikilize nani?*

Marahaba mwanangu. Kwa leo usimsikilize yeyote kati yao. Chukua kalamu.

Hiyo 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya huo upana, yaani karibu milimita 127. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 381. Jumlisha ubavu wa juu, rimu, na ubavu wa chini: unapata tairi lenye kimo cha milimita 635 hivi likiwa jipya. Fanya hivyohivyo kwa 205/65R15 utapata kama 648. Fundi wako hakudanganya, tairi limekua kwa milimita 13.

Ila gari halitapanda milimita 13. Ekseli iko katikati ya tairi, kwa hiyo gari linapata nusu tu: milimita 6 na ushee. Unene wa penseli haufiki.

Sasa angalia hili. Tairi jipya la gari dogo huja na kashata, yaani yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, za milimita 8 hivi. La kwako limekwisha; chungulia ndani ya mifereji, utaona vinundu vidogo vya mpira vimelingana na uso wa tairi. Hivyo vimewekwa kiwandani kwenye kina cha milimita 1.6, kukwambia tairi limefika mwisho. Maana yake umeshapoteza milimita 6 na zaidi kwa kuchakaa tu. Ukifunga jipya la saizi ileile, gari linapanda kimo kilekile ulichokuwa unakitafuta kwa kubadili saizi, na hujagusa kitu kingine chochote.

Hiyo 215/65R15 naikataa kabisa. Kimo chake ni milimita 660, imezidi tairi lako kwa asilimia 4. Mita ya spidi haina macho. Inahesabu mizunguko ya gurudumu. Tairi likiwa kubwa, kila mzunguko unakula barabara zaidi, kwa hiyo pale ambapo mita ingekuwa sahihi kwa kusoma 100, wewe uko kwenye 104. Gari nalo linakuwa zito kuondoka, ni kama umeongezewa gia ndefu usiyoiomba, na mlimani ukiwa na abiria utalijua hilo mapema. Wengi katika kazi hii tunaweka mpaka kwenye asilimia 3 ya tofauti. Mimi binafsi hata 2 huniuma.

Kuna na suala la nafasi. Nimeona watu wanafunga tairi pana, wanakata usukani gari likiwa tupu, halijagusa popote, wanapeana mikono. Mimi hukata usukani mpaka mwisho, nikachuchumaa, nikaingiza mkono nyuma ya tairi. Upande wa nje napima bega la tairi na plastiki ya madigadi. Upande wa ndani napima ubavu na mguu wa shokapu, na huku ndiko kwenye hatari maana hakuonekani ukiwa umesimama. Kidole kisipopita, sifungi. Kisha nawaambia watu wawili watatu wakae nyuma, napima tena magurudumu ya nyuma. Kama tairi pana limeshafungwa na una wasiwasi, tembea nalo siku chache ukalitazame: mahali panapogusa plastiki huwa imelambwa, inang'aa, na kwenye tairi kuna mstari uliokwaruzwa unaozunguka ubavu mzima.

Na kuna namba ambayo hakuna kati yenu watatu aliyeitaja, nayo kwa mtu anayepakia ndiyo ningeianza. Baada ya saizi, kwenye tairi kumeandikwa kitu kama 91H. 91 ni uwezo wa kubeba: kilo 615 kwa tairi moja, likiwa na upepo wake kamili. H ni spidi ya juu linayoihimili, kilomita 210 kwa saa. Muuzaji anaweza kukuletea tairi la saizi yako sawasawa lakini lina 88. Hilo linabeba kilo 560. Kwa matairi manne umepunguza kilo 220, na gari halijui, wala wewe hujui, mpaka ubavu uchoke ukiwa safarini. Kupanda juu ya namba iliyoandikwa na mtengeneza gari ni sawa. Kushuka chini yake usikubali, hata upewe maneno matamu kiasi gani.

Rafiki yako wa inchi 17, hesabu yake ya kimo imekaa vizuri, sitamnyima haki yake. 225/45R17 ina milimita 634, mita ya spidi haitashtuka. Shida iko kwenye ubavu: kutoka milimita 127 umebaki na 101. Ule mpira uliopungua ndio uliokuwa unameza shimo kabla halijafika kwenye rimu. Ukiingia shimo kwa kasi, ubavu mfupi unabanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu, nyuzi za ndani zinakatika, na baadaye tairi linaota jipu ubavuni. Tairi lenye jipu halizibwi, linatupwa. Rimu nayo inapinda. Halafu rimu ya inchi 17 siyo inchi tu: matundu ya nati yalingane kwa idadi na kwa duara, tundu la katikati likae kwenye kitovu cha ekseli, upana wake ukubali tairi la 225, na umbali wake kutoka kwenye kitovu usisukume gurudumu nje au ndani. Kimoja kikikosea, beringi zinaumia au tairi linagusa. Kwa lami laini na dereva anayependa kona, ni gari tamu, usukani unajibu papo hapo. Kwa gari linalogusa matuta likiwa limejaa watu, ni kununua ugomvi.

Basi fungua mlango wa dereva, soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Hapo kuna saizi ambazo waliolitengeneza gari walizikubali, na mara nyingi huwa zaidi ya moja. Iliyoandikwa pale, vaa bila kuniuliza. Isiyoandikwa, rudi kwenye hesabu yetu.

Ushauri wangu kwako ni 195/65R15 yenye 91 au zaidi, na pesa uliyotaka kuitia kwenye rimu ipeleke kwenye springi na shokapu, kwa sababu naamini ugonjwa uko huko. Simamisha gari mahali tambarare likiwa tupu. Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Upande ulioshuka una springi iliyolala. Kisha kandamiza kila kona ya gari kwa uzito wako na uachie. Gari lenye shokapu nzuri linapanda mara moja na kutulia. Likiendelea kucheza juu chini, shokapu imekwisha. Angalia pia kama mguu wake umelowa mafuta.

*Mama, gari langu linavuta kwa magurudumu ya mbele. Uwezo nilionao ni wa matairi mawili tu kwa sasa. Nayafunga mbele, si ndiyo?*

Hapana, nyuma. Najua unavyofikiri: mbele ndiko kunakovuta, ndiko kunakokata kona, ndiko kunakofanya kazi kubwa ya breki, basi mbele ndiko kustahili mapya. Lakini fikiria barabara yenye maji. Mbele kukiteleza, gari linagoma kukata kona, linakwenda mbele. Unahisi usukani umelegea, unaachia mafuta, na mara nyingi linarudi. Nyuma kukiteleza, hupati onyo mikononi. Mkia unakuja kukupita, na dereva wa kawaida hana mkono wa haraka wa kulirudisha. Kwa hiyo yale mazuri zaidi yanakaa nyuma, hata kwa gari la kuvuta mbele. Yale ya nyuma ambayo hayajachakaa sana yahamishie mbele. Yaliyokuwa mbele yatupe.

Sharti ni kwamba mawili ya ekseli moja yawe mapacha: saizi moja, aina moja, uchakavu mmoja. Ukichanganya kipara na jipya kwenye ekseli moja, gari litavuta upande na difu, ile gia inayogawa mzunguko kwa magurudumu mawili ya ekseli, itahangaika kila dakika kusawazisha mizunguko isiyolingana.

Kama gari lako linavuta magurudumu yote manne kwa wakati wote, jibu langu linabadilika. Hapo mbele na nyuma pia vinatakiwa vilingane kwa karibu, na watengenezaji wengine wametaja kwenye kitabu cha gari tofauti ndogo sana ya kashata wanayoikubali. Kisome kabla hujanunua mawili. Matairi mawili yaliyookolewa yanaweza kuua kifaa cha kugawa nguvu, ambacho bei yake hutaki kuijua.

*Ubavuni mwa matairi yangu mapya pameandikwa upepo wa juu kabisa ni psi 51. Kijana wa upepo kanijazia 50 akasema nimebakiza moja ya usalama. Gari linaruka kama mbuzi.*

Lazima liruke. Ile 51 ni kikomo cha tairi, ambalo linaweza kufungwa kwenye magari tofauti kabisa. Upepo wa gari lako uko kwenye kibandiko kilekile cha mlangoni. Magari madogo mengi huwa kwenye 30 na kitu, na huongezwa kidogo ukipakia. Pima asubuhi kabla hujatembea. Ukipima baada ya safari utaikuta namba imepanda kwa joto, na ukitoa upepo wakati huo, kesho tairi litaamka limelegea. Ukiendelea na hiyo 50, kashata za katikati zitakwisha za pembeni zikiwa bado nzima. Upepo mdogo hufanya kinyume, hula mabega yote mawili. Likiliwa bega moja tu, upepo hauna kosa. Peleka gari likapimwe alaimenti, yaani mnyooko wa magurudumu.

*Nimepata matairi yaliyotumika, kashata zimejaa, yanang'aa. Muuzaji anasema ni kama mapya. Kuna kitu cha kuangalia?*

Kung'aa ni dawa ya kupaka, tafadhali ifute kwanza. Kisha tafuta herufi DOT ubavuni na ufuate mpaka mwisho wake, kwenye tarakimu nne. 2316 maana yake lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2016. Usipoziona, geuza tairi, mara nyingi zimeandikwa upande mmoja tu. Ukikuta tarakimu tatu, weka chini uondoke: huo ni mtindo wa kabla ya mwaka 2000. Watengenezaji wakubwa husema tairi lisivuke miaka 10 tangu lilipotengenezwa, hata kama kashata zimejaa, na likishafika mitano kwenye gari likaguliwe kila mwaka. Mpira hukauka ukiwa umekaa tu. Tairi la akiba lililolala kwenye buti tangu gari likiwa jipya nalo limo kwenye hesabu hiyo, na hakuna anayelikumbuka.

Ukiridhika na umri, likunje ubavu kwa mikono miwili kwenye mwanga: nyufa ndogo zinafunguka hapo hapo. Pitisha kiganja ndani ya tairi, pole pole. Ukigusa kiraka karibu na bega au ubavuni, liache. Ukigusa mpira uliosagika kama unga, au mstari uliokwaruzwa unaozunguka ndani, hilo limewahi kuendeshwa bila upepo, na nyuzi zake zimekwisha hata kama kwa nje linacheka. Ukipata yasiyo na kasoro hizo, yachukue, na siku ya kufunga dai valvu mpya za mpira, zile za zamani zisirudishwe.